Je, Wajua? Zimamoto, polisi na gari la wagonjwa mbele ya sheria

Mtu akiona moshi au ajali huwaza namba ya simu, basi. Ila kati ya simu na msaada kuna maswali mengi: nani anapaswa kuja, nani anaruhusiwa kuvunja mlango wako, nani alipe, na wakichelewa nani ajibu. Kila nchi ina majibu yake, na baadhi yatakushangaza.

SIMU

1. Je, wajua kwamba Tanzania Bara namba za dharura zimegawanywa kwa idara? Polisi ni 112, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, na 115 ni ya mfumo wa m-mama kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Kenya, polisi hupatikana kwa 999 au 112, na Msalaba Mwekundu kwa 1199. Zihifadhi leo. Moto hausubiri mtu aulize majirani namba.

2. Je, wajua kwamba teksi ya kijijini inaweza kuwa gari la wagonjwa kihalali? Katika m-mama, gari la hospitali likiwa mbali, mratibu humpigia dereva wa eneo hilo aliyesajiliwa, dereva humkimbiza mama kituoni, na malipo yake huingia kwenye simu. Mama hatoi hata senti.

3. Namba 999, ambayo Kenya inaitumia hadi leo, ilizaliwa na hasira za jirani. Novemba 1935 nyumba iliungua Wimpole Street, London, na wanawake watano wakafa. Jirani aliyepiga simu aliwekwa kwenye foleni pamoja na wapigaji wa kawaida. Aliliandikia gazeti la The Times kulalamika, bunge likashtuka, na tarehe 30 Juni 1937 London ikapata 999, namba ya kwanza ya dharura ya aina yake duniani.

4. Marekani ilichelewa zaidi ya miaka 30. Simu ya kwanza ya 911 ilipigwa Haleyville, mji mdogo wa Alabama, tarehe 16 Februari 1968. Kabla ya hapo kila mji ulikuwa na namba zake, na mgeni aliyepata ajali alitakiwa kuzijua.

5. Je, wajua kwamba kupiga simu ya uongo kwa polisi au zimamoto ni kosa la jinai Tanzania na Kenya? Anayepiga kwa mzaha husema hakumdhuru mtu. Lakini gari likiondoka kituoni kufuata moto usiokuwepo, mtaa mzima unabaki bila gari, na moto wa kweli unaweza kuanza wakati huohuo.

6. "Nyuma ya msikiti, ukifika kwenye mwembe uliza kwa Mama Asha." Maelekezo hayo yanatosha mchana kwa mgeni wa harusi. Saa nane usiku, kwa dereva wa zimamoto anayetoka kata nyingine, hayatoshi. Hii ni sababu mojawapo ya Tanzania kufanya Operesheni ya Anwani za Makazi mwaka 2022, kuzipa barabara majina na nyumba namba. Kibao kile cha mlangoni si pambo. Kikariri kama unavyokariri namba yako ya simu.

7. Tangu tarehe 31 Machi 2018, aina mpya za magari madogo zinazoidhinishwa Umoja wa Ulaya lazima ziwe na mtambo wa kujipigia simu. Gari likigongwa vibaya, lenyewe huita 112 na kutaja mahali lilipo, hata kama dereva amezimia.

NJIANI

8. Je, wajua kwamba king'ora hakifuti sheria za barabarani? Uingereza, sheria ya mwaka 1984 inamruhusu dereva wa zimamoto, polisi au gari la wagonjwa kuzidi mwendo uliowekwa, ila tu pale ambapo kuufuata kungekwamisha kazi. Taa nyekundu kwake ni sawa na alama ya kupisha: apunguze, atazame, ndipo apite. Akimgonga mtu kwa uzembe, anashtakiwa kama dereva mwingine yeyote.

9. Ujerumani, foleni ikianza kwenye barabara kuu, madereva wa kushoto husogea kushoto na waliobaki husogea kulia, katikati ibaki njia. Hawasubiri king'ora. Asiyefanya hivyo hulipa faini ya kuanzia euro 200. Kwetu pia sheria za barabarani zinamtaka dereva apishe gari la dharura. Tatizo ni kwamba wapo wanaopisha, kisha wakajibandika nyuma ya gari la wagonjwa ili wapite foleni.

10. Hadi miaka ya 1960, katika miji mingi ya Marekani mgonjwa alibebwa na gari la kampuni ya mazishi, kwa kuwa ndilo lililokuwa na nafasi ya kulaza mtu. Mwaka 1967 mtaa wa Weusi wa Hill District, Pittsburgh, ulianzisha huduma ya magari ya wagonjwa iitwayo Freedom House. Vijana wasio na ajira walifundishwa kutibu mgonjwa wakiwa safarini, chini ya uongozi wa Dkt. Peter Safar. Mafunzo yao yakawa mfano kwa nchi nzima. Mwaka 1975 jiji likaifunga huduma hiyo na kuanzisha ya kwake.

KWENYE TUKIO

11. Je, wajua kwamba Tanzania Bara zamani zimamoto ilikuwa kazi ya halmashauri? Sheria ya mwaka 2007 ndiyo iliyounda jeshi moja chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Kenya ilikwenda upande wa pili: Katiba ya 2010 imezipa kaunti zimamoto na magari ya wagonjwa, huku polisi wakibaki wa serikali ya kitaifa. Basi likipinduka mpakani mwa kaunti mbili, serikali tatu zinahusika kabla majeruhi hajatolewa.

12. Panda boti kutoka Dar es Salaam hadi Unguja. Polisi utakaowakuta ni walewale, kwa kuwa polisi ni jambo la Muungano. Zimamoto si wale. Zanzibar ina Kikosi chake cha Zimamoto na Uokozi, chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

13. "Zimamoto wamekuja bila maji!" Lawama hii husikika karibu kila moto mkubwa. Piga hesabu. Gari lina lita 4,000, na mpira mmoja unatoa lita 400 kwa dakika. Baada ya dakika 10 tangi limekauka. Kwa mipira miwili ni dakika 5. Gari limekuja na maji, ila limebeba ya kuanzia tu. Maji ya kumalizia yanapaswa kutoka kwenye haidranti, lile bomba fupi la chuma kando ya barabara. Kama limefukiwa na lami, limejengewa kibanda au halitoi maji, gari hulazimika kwenda kujaza kwingine, na wananchi hudhani limekimbia.

14. Askari wa zimamoto anaweza kuvunja mlango wako bila ruhusa yako wala ya hakimu. Uingereza, sheria ya mwaka 2004 inasema wazi kwamba akiamini kuna moto au hatari kwa maisha, anaweza kuingia kwa nguvu, kuhamisha gari na kufunga barabara. Polisi anayetaka kupekua nyumba hiyohiyo kwa kawaida huhitaji hati. Tofauti ni lengo: mmoja anatafuta moto, mwingine anatafuta ushahidi dhidi yako.

15. Kwa nini polisi husukuma watu mbali hivyo lori la mafuta likianguka? Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini hadi ukutane na cheche, hata mbali na lori. Sachangwan, Kenya, Januari 2009, na Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu walikusanyika kuchota mafuta. Katika kila tukio walikufa zaidi ya 100.

16. Je, wajua kwamba kutoboa meli iliyopinduka kunaweza kuizamisha? Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, na watu walisikika wakigonga kutoka ndani. Tundu lilipotobolewa, hewa iliyokuwa imeishikilia juu ilitoka na meli ikazama. Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Baada ya siku mbili wazamiaji walimtoa fundi mitambo akiwa hai. Aliokolewa na hewa iliyonaswa ndani.

17. Mwaka 2010, nyumba iliwaka nje ya mji wa South Fulton, Tennessee. Zimamoto walifika, wakatazama, hawakuizima. Wakazi wa nje ya mji walitakiwa kulipa dola 75 kwa mwaka, na mwenye nyumba hakuwa amelipa. Walimwaga maji pale tu moto ulipotishia eneo la jirani aliyelipa.

18. London nako moto ulikuwa biashara. Kwa muda mrefu vikosi vilikuwa vya kampuni za bima. Mwaka 1861 maghala ya Tooley Street yaliungua kwa siku nyingi, na mkuu wa zimamoto James Braidwood akafa akiwa kazini. Kampuni zilipoona gharama haziwezekani, serikali ikachukua kazi hiyo mwaka 1866.

19. Miaka 1,900 hivi iliyopita, Plinio, gavana wa Kirumi katika nchi iliyo Uturuki ya leo, alimwomba Kaisari Trajani ruhusa ya kuunda kikosi cha zimamoto cha watu 150 tu. Kaisari alikataa. Alihofu kwamba watu wakiungana kwa jambo lolote, hawachelewi kugeuka chama cha siasa.

MLANGO WA HOSPITALI

20. Je, wajua kazi halisi ya PF3? Hii Fomu Namba 3 ya Polisi ya Tanzania, kama ilivyo P3 ya Kenya, ni daraja kati ya kitanda cha hospitali na kizimba cha mahakama. Daktari huandika jeraha aliloliona, na mahakama huitumia kama ushahidi. Haikuundwa iwe tiketi ya kumwona daktari, na viongozi wa serikali wamesema mara nyingi kwamba mwenye hali mbaya atibiwe kwanza, karatasi ifuate.

21. PF3 hiyohiyo inaweza kufa mahakamani kwa kosa dogo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeziondoa nyingi kwenye kumbukumbu za kesi kwa sababu mshtakiwa hakuambiwa haki yake ya kutaka daktari aitwe ahojiwe, au kwa sababu fomu ilipokelewa bila kusomwa kwa sauti. Jeraha lilikuwepo, utaratibu ndio uliokosekana.

22. India walilimaliza suala la kutibu kwanza mwaka 1989. Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya Parmanand Katara, kwamba kila daktari, wa serikali au binafsi, lazima amtibu majeruhi mara moja bila kungoja taratibu za polisi. Kisa kilichoizaa kesi hiyo: mtu wa pikipiki aliyegongwa alikataliwa na hospitali, akaambiwa aende nyingine iliyoruhusiwa kushughulikia kesi za polisi. Akafia njiani.

23. Katiba ya Kenya, ibara ya 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hata hivyo mwaka 2015 majeruhi mmoja Nairobi alikaa takribani saa 18 ndani ya gari la wagonjwa, akizungushwa kutafutiwa nafasi ya uangalizi maalumu, na hatimaye akafa. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza meno: hospitali yenye uwezo ikikataa kutoa huduma ya dharura inatenda kosa.

24. Dharura ni nini hasa? Afrika Kusini, mwaka 1997, mgonjwa wa figo aliidai serikali imsafishe damu kwa kutumia haki ya matibabu ya dharura. Mahakama ya Katiba ilikataa. Ugonjwa wa kudumu, ilisema, si dharura ya ghafla kama ajali, na mashine zilizopo haziwatoshi wote.

MBELE YA HAKIMU

25. Je, wajua kwamba Marekani polisi hawana deni la kikatiba la kukulinda wewe binafsi? Mwaka 2005, katika kesi ya Castle Rock, mama alikuwa na amri ya mahakama ya kumzuia mume aliyetengana naye. Mume aliwachukua watoto watatu, mama akawapigia polisi tena na tena, hawakuchukua hatua. Watoto waliuawa. Mahakama ya Juu ya nchi ilisema amri ile haikumpa mama haki ya kikatiba ya kuwalazimisha polisi waitekeleze.

26. Uingereza ina kitendawili chake. Mwaka 1997 mahakama ilisema zimamoto hawawezi kudaiwa fidia kwa kutofika tu, lakini watadaiwa wakifika na kuharibu zaidi. Kikosi cha Hampshire kilipatikana kuwajibika kwa uzembe wa kuzima mfumo wa kunyunyiza maji katika jengo lililokuwa likiwaka. Mwaka 2000 gari la wagonjwa likapewa kanuni nyingine: likishapokea simu na kusema linakuja, limejifunga. Mama mjamzito mwenye pumu alilisubiri takribani dakika 40, akapata madhara makubwa, na mahakama ikaamua alipwe.

27. Afrika Kusini haikufuata njia ya Marekani. Mwaka 2001, katika kesi ya Carmichele, Mahakama ya Katiba ilisema polisi na waendesha mashtaka wanaweza kuwajibika kwa kumwachia mtu hatari aliyekwisha kulalamikiwa, naye akamshambulia mwanamke. Serikali ikashindwa kesi.

28. Kenya, Desemba 2020, Mahakama Kuu iliamua kwamba serikali ilikiuka haki za manusura wa ukatili wa kingono wa vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007. Wanne walipewa shilingi milioni 4 kila mmoja. Kwa baadhi yao kosa la serikali lilikuwa kutochunguza. Kwa hiyo polisi aliyekaa kimya ofisini naye anaweza kuigharimu nchi.

29. Saa za polisi huhesabiwa. Kenya, aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya kazi ya mahakama kama muda huo umeangukia mapumziko. Tanzania ina saa nyingine ambayo wengi hawaijui: muda wa msingi wa kumhoji mtuhumiwa ni saa 4, ukiacha muda wa safari na mengineyo, na unaweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda huo yamewahi kutupwa na mahakama.

WENYE SARE

30. Je, wajua kwamba Tanzania inaorodhesha zimamoto na afya miongoni mwa huduma muhimu ambazo kugoma kumebanwa, isipokuwa pawe na makubaliano kwamba huduma za msingi zitaendelea? Sababu yake iko wazi. Mwalimu akigoma, kipindi kitafidiwa wiki ijayo, moto haufidiwi.

31. Septemba 1919, polisi zaidi ya 1,000 wa Boston waligoma wakidai mishahara na chama. Maduka yaliporwa, jeshi likaingia, na wagomaji wote wakafukuzwa. Gavana aliyewakatalia, Calvin Coolidge, akapata umaarufu uliomfikisha hadi urais. Uingereza ilipiga marufuku migomo ya polisi mwaka huohuo. Zimamoto wa huko bado wanaruhusiwa: mwaka 1977 waligoma, na wanajeshi wakazima moto kwa magari makuukuu ya miaka ya 1950.

32. Tarehe 11 Septemba 2001, New York, minara pacha iliposhambuliwa, helikopta za polisi ziliona kwamba mnara wa pili ungeanguka. Onyo lilikwenda kwenye redio za polisi. Zimamoto walikuwa na redio zao, na wengi ndani ya mnara hawakulipata. Siku hiyo walikufa zimamoto 343. Mwaka 2012 Marekani ikaanzisha kwa sheria mtandao mmoja wa mawasiliano kwa vikosi vyote.

33. Moto huua hata baada ya kuzimwa. Mwaka 2022 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka kazi ya zimamoto katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, pamoja na tumbaku. Masizi hubaki kwenye sare, na sare ikibebwa nyumbani hubeba sumu. Kwa hiyo seti ya pili ya sare na mahali pa kuzifulia kituoni ni vifaa vya kazi, kama ulivyo mpira wa maji.

RAIA

34. Je, wajua kwamba Ufaransa na Ujerumani kutazama bila kusaidia ni kosa? Agosti 1997, Princess Diana alipopata ajali Paris, wapiga picha walichunguzwa pia kwa tuhuma za kutomsaidia mtu aliye hatarini. Sheria haitaki ujitie hatarini. Wakati mwingine kupiga simu kunatosha.

35. India iliona tatizo lingine: watu waliogopa kumbeba majeruhi wasije wakageuzwa mashahidi au watuhumiwa. Mwaka 2019 sheria ya magari ikaweka kinga. Anayesaidia kwa nia njema hadaiwi, na halazimishwi kutaja jina lake.

36. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliangukia Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43, 24 waliokoka. Waliotangulia kufika hawakuwa na sare: walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Kijana mmoja wao alieleza kwamba alitumia kasia kuufungua mlango wa ndege. Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza kijana huyo aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ndiyo maana serikali inayonunua magari na kuandika sheria, lakini haimfundishi mvuvi, bodaboda na mama lishe huduma ya kwanza, imefanya nusu ya kazi.